Bima iliyobaki Kentucky

Swali la msomaji:

"Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, asili yangu Kongo, na uraia wa Marekani nimeshapata. Tumeishi Lexington, Kentucky, miaka saba, na wote watatu tulikuwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Mwaka jana tumehamia Houston, Texas, kwa dada yangu. Nafanya usafi hotelini, napata kama dola 1,900 kwa mwezi kabla ya makato. Nimeomba bima hapa: watoto wamepewa, mimi nimekataliwa. Karani akaniambia hata ningepata nusu ya hiyo wasingenipa. Nchi ni moja, rais ni mmoja, jina la bima ni moja. Imekuwaje? Na wewe uliyesomea mambo haya, huoni ingekuwa afadhali Washington iendeshe yote, majimbo yaachane nayo?"

Jibu:

Dada yangu, pole. Nianze na jambo ambalo karani hakukueleza: fomu yako hukuikosea, na yeye hakukuonea. Sheria ya Texas ndivyo ilivyoandikwa, na kwenye barua yako ya kukataliwa hakuna kosa la kukatia rufaa.

Kuhusu swali lako kubwa, msimamo wangu ni huu: mfuko uwe wa Washington, yaani serikali kuu, na kizingiti cha kipato kiwe kimoja nchi nzima, lakini dawati la kupokelea watu libaki jimboni, hata kwenye kaunti. Nimekuwa nikisema hivyo miaka mingi, nikiwa najazia watu fomu na baadaye nikiwa mtafiti wa sera. Ila kuna jambo lilitokea Novemba 2025 lililonipunguza sauti, na sitakuficha.

Kwanza tupige hesabu yako. Kiwango cha umaskini cha serikali kuu cha 2025, kwa familia ya watu 3, ni dola 26,650 kwa mwaka. Wewe unapata dola 22,800. Kentucky inampokea mtu mzima mpaka asilimia 138 ya kiwango hicho, ambayo kwa nyumba yenu ni kama dola 3,065 kwa mwezi. Kule ulikuwa ndani, tena mbali na mlango. Texas haimpokei mtu mzima wa kawaida asiye na mtoto hata awe hana senti mfukoni. Mzazi inampokea, ilimradi mapato ya nyumba yasizidi takriban asilimia 15 ya kiwango kile kile. Kwa watu 3 ni kama dola 330 kwa mwezi. Dola 330, Houston! Hazilipi hata kodi ya chumba. Karani wako alisema kweli aliposema nusu ya mshahara wako bado ingekuwa nyingi.

Sasa sikiliza lililo chungu zaidi. Sheria ya afya ya 2010, hii ambayo watu wanaiita Obamacare, ilitungwa kwa kuamini kwamba kila jimbo litapandisha kizingiti cha Medicaid hadi asilimia 138. Kwa hiyo ruzuku ya kununua bima ya binafsi ikapangwa ianzie kwa mtu mwenye kipato cha asilimia 100 ya kiwango cha umaskini. Walio chini ya hapo hawakuandikiwa kitu, maana wao wangekuwa kwenye Medicaid. Juni 2012 Mahakama ya Juu ikasema Washington haina haki ya kuyalazimisha majimbo kwa kuyatishia kuyanyima fedha zote za Medicaid. Jaji Mkuu John Roberts alikifananisha kitisho hicho na bunduki iliyowekwa kichwani. Kupandisha kizingiti, yaani upanuzi wa Medicaid, kukawa hiari. Majimbo 40 yamekubali, pamoja na jiji la Washington. Majimbo 10 bado, Texas ikiwa kubwa kuliko yote.

Wewe umeangukia kwenye ufa huo, na mko kama watu milioni 1.4. Kipato chako ni kikubwa mno kwa Medicaid ya Texas na ni kidogo mno kwa ruzuku. Ungekuwa unapata dola 321 zaidi kwa mwezi, serikali kuu ingekusaidia kununua bima. Shika namba hiyo, tutairudia.

Usidhani Texas imekataa kwa sababu haina fedha. Kwa watu wa upanuzi, Washington inalipa senti 90 katika kila dola, jimbo linatoa 10. Kwa Medicaid ya kawaida mgawo hutegemea utajiri wa jimbo: majimbo tajiri kama New York hupata nusu kwa nusu, Mississippi hupata kama senti 77. Wanasiasa wa Texas wanasema Washington inaweza kuamka siku moja na kupunguza zile senti 90, na jimbo likabaki na mzigo. Wanasema pia kwamba mtu mzima mwenye nguvu zake afanye kazi. Hoja ya kwanza siidharau. Ya pili nikuulize wewe unayetandika vitanda vya hoteli tangu asubuhi.

Lakini kwa nini majimbo yapewe nafasi hiyo tangu mwanzo? Hapa lazima turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1935, katika dhiki kuu ya uchumi, Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ya hifadhi ya jamii. Ndani yake mlikuwa na pensheni ya wafanyakazi, na hiyo Washington iliishika yenyewe. Misaada ya maskini ikawekwa mikononi mwa majimbo, Washington ikichangia: wazee maskini, vipofu, na watoto wasio na mzazi wa kuwatunza. Rasimu ya kwanza ilitaka posho itoshe maisha ya staha na afya. Wabunge wa Kusini walikifuta kifungu hicho. Hawakutaka mtu mweusi wa shamba la pamba apate posho iliyokaribia ujira wake, akaacha kuvuna. Na hawakuficha sana: mwaka 1943 Louisiana iliweka kanuni ya kumnyima mama msaada wa watoto pale kazi za shamba zinapopatikana. Alabama nayo ilikuwa ikimkatia posho mama akionekana ana mwanamume, mpaka Mahakama ya Juu ilipoikataza mwaka 1968.

Medicaid ilipozaliwa Julai 30, 1965, kwa saini ya Rais Lyndon Johnson, ilibandikwa juu ya ofisi hizo hizo za majimbo. Siku hiyo hiyo ilizaliwa Medicare, bima ya wazee, nayo ikawa ya serikali kuu. Ndiyo maana mzee wa miaka 70 akihama Kentucky kwenda Houston, Medicare yake inahama naye kama koti alilolivaa, wakati Medicaid yako ilibaki Lexington. Majina yanafanana, saini ilikuwa moja, na wengi wetu tunazichanganya. Arizona yenyewe haikuingia Medicaid mpaka 1982, na hakuna aliyeilazimisha.

Ukitaka kujua jimbo na Washington yupi mlezi bora, tazama watoto wawili wa sheria ile ya 1935, maana kila mmoja alikwenda kulelewa upande wake. Msaada wa wazee maskini, vipofu na walemavu ulichukuliwa na serikali kuu. Rais Richard Nixon, ambaye hakuna atakayemwita mjamaa, alitia saini mwaka 1972, na tangu Januari 1974 unaitwa SSI. Kiwango cha juu kwa mtu mmoja mwaka 2025 kilikuwa dola 967 kwa mwezi, awe Mississippi au Oregon. Jimbo likipenda huongeza kidogo juu yake. Kila mwaka kiwango hupanda na bei za vitu.

Msaada wa watoto ulikwenda njia ya pili. Agosti 1996 Rais Bill Clinton aliukabidhi kwa majimbo kwa jina la TANF. Washington ikawa inatoa fungu la mkupuo la dola bilioni 16.5 kwa mwaka, na jimbo likapewa uhuru mkubwa wa kuamua nani apate, kiasi gani, kwa muda gani. Fungu hilo halijapandishwa tangu siku hiyo. Bilioni 16.5 za 1996 na za leo zinaitwa jina moja tu; sokoni zimeshapoteza zaidi ya theluthi ya thamani yake.

Majimbo yalifanya nini na uhuru huo? Mwaka 1996, katika kila familia 100 maskini zenye watoto, 68 zilikuwa zikipata posho ya fedha. Miaka ya karibuni ni kama 21. Mama mwenye watoto wawili akipewa kiwango cha juu Mississippi anapata dola 260 kwa mwezi, na kabla ya 2021 zilikuwa 170. New Hampshire anapata zaidi ya 1,000. Fedha nyingine, ambazo ndizo nyingi, majimbo huzipeleka kwingine: kuziba mapengo ya bajeti, mafunzo, semina, mambo ambayo yanaweza kuitwa msaada kwa familia ukiyaangalia kwa jicho moja. Mississippi ilizidi. Ukaguzi wa jimbo uliotangazwa mwaka 2020 na mwendelezo wake uligundua zaidi ya dola milioni 77 zilizotumika vibaya. Milioni 5 kati ya hizo zilijenga ukumbi wa mpira wa wavu kwenye chuo kikuu. Mkurugenzi wa zamani wa idara ya huduma za jamii alikiri makosa mahakamani mwaka 2022. Jimbo hilo hilo lilikuwa likiyakataa maombi ya karibu kila mama aliyefika dirishani. Kisa hiki ndicho ninachokikumbuka kila mtu anaponiambia kwamba walio karibu na wananchi ndio wanaowajua wananchi. Wanawajua, ndiyo.

Watetezi wa mageuzi yale wana jibu lao, na nalisema kwa haki: baada ya 1996 akina mama wengi wasio na waume waliingia kazini. Ni kweli. Uchumi wa miaka hiyo ulikuwa unaajiri hata asiyetafuta, na serikali kuu ilikuwa imeongeza sana marejesho ya kodi kwa wazazi wenye kipato kidogo, kwa hiyo si rahisi kusema sifa ni ya nani. Mdororo ulipofika 2008, TANF haikukua kama ilivyotakiwa. Kadi ya chakula ndiyo iliyokua, kwa kuwa malipo yake yalikuwa yanatoka Washington bila mwisho uliopangwa: watu wakiongezeka, fedha zinaongezeka.

Hapo ndipo penye sababu yangu kubwa, na ni ya kihasibu kuliko kihuruma. Majimbo yote isipokuwa Vermont yana sharti la aina fulani la kusawazisha bajeti. Kiwanda kikifungwa, kodi za jimbo zinashuka siku ile ile ambayo foleni ya waombaji inarefuka. Gavana hana pa kukopea, kwa hiyo anakata, na anakata pale pasipo na kelele. Washington inaweza kukopa mwaka wa njaa ikalipa mwaka wa shibe. Mwaka 2009 ilifanya hivyo, ikaongeza mgawo wake wa Medicaid. Mwaka 2020 ikaongeza tena kwa pointi 6.2 za asilimia, kwa sharti kwamba jimbo lisimwondoe mtu mpaka dharura ya korona iishe.

Mimi ni mzaliwa wa Kenya, na kwetu tuliyaona haya kwa sura nyingine. Afya ilishushwa kwenye kaunti 47 mwaka 2013. Kazi zikashuka haraka, fedha zikawa zinakuja kwa kuchelewa, na wauguzi waligoma karibu miezi mitano mwaka 2017 huku Nairobi ikinyooshea kidole kaunti na kaunti zikinyooshea Nairobi. Mgonjwa hajui amlaumu nani. Kwenye Medicaid ni hivyo hivyo: gavana atakwambia ni kanuni za Washington, Washington itakwambia ni uamuzi wa gavana.

Nije kwenye makaratasi, maana ndiko nilikozeekea.

Ile marufuku ya kuondoa watu iliisha Machi 2023, na majimbo yakaanza kumhakiki kila mtu upya. Kufikia mwisho wa zoezi, watu zaidi ya milioni 25 walikuwa wameondolewa, na karibu saba katika kila kumi hawakuondolewa kwa kuwa na kipato kikubwa. Fomu haikurudi, barua ilikwenda anwani ya zamani, sahihi ilikosekana. Kila jimbo lilikuwa na kasi yake na ukali wake.

Nilikaa na mzee mmoja wa Uvira, Kongo, fundi cherehani, siku bima yake ilipokatwa. Dawa ya sukari ilikuwa imebaki ya siku nne. Nikamuuliza kama kuna barua yoyote aliyopata. Akainuka, akaenda nyuma ya televisheni, akaleta bahasha tisa zilizofungwa kwa mpira, hata moja haikufunguliwa. "Mwanangu, hizi si matangazo?" Ya tano ndiyo ilikuwa yenyewe. Kurasa kumi na mbili za Kiingereza, na kwenye ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, msitari mmoja wa Kiswahili unaosema ukihitaji mkalimani piga namba hii. Tukapiga. Dakika tisini na nane za muziki, mimi na yeye, simu juu ya meza, tunakunywa chai. Aliyepokea alikuwa mwungwana, akamaliza kila kitu kwa dakika kumi na moja. Huyo karani wa jimbo simlaumu kwa lolote. Alikuwa mmoja, na kesi zake mamia.

Kwa hiyo ukiniambia Washington iendeshe yote hadi dirishani, nakataa. Nani atakayempokea mzee wa Uvira? Ofisi ya SSI ni ya serikali kuu nzima nzima, na kuwapata watu wake kwenye simu ni kazi ya asubuhi mpaka mchana. Ukubwa hautibu foleni. Kaunti ndiyo inayoweza kujua kwamba mtaa fulani wameingia Wakongo, ikamwajiri binti yao kuwa karani.

Majimbo pia yamewahi kutufundisha mambo ambayo Washington isingethubutu. Jaji Louis Brandeis aliandika mwaka 1932 kwamba jimbo moja lenye ujasiri laweza kuwa maabara bila kuihatarisha nchi nzima. Massachusetts ilijaribu bima kwa wote mwaka 2006 chini ya gavana wa chama cha Republican, Mitt Romney, na kutoka hapo ikapatikana ramani ya sheria ya 2010. Oregon mwaka 2008 ilikuwa na nafasi chache za Medicaid na waombaji kama 90,000, ikaamua kupiga kura ya bahati. Watafiti wakapata kitu adimu: makundi mawili ya watu wanaofanana, moja lina bima, lingine halina. Waliopata walikuwa na madeni machache kuliko wenzao, na sonona kwao ilikuwa imepungua. Shinikizo la damu na lehemu havikuonyesha tofauti ya kuaminika baada ya miaka miwili. Pande zote mbili za siasa hutoka na jibu wanalolipenda kwenye utafiti huo. Mimi nafurahi tu kwamba ulifanyika.

Shida ya maabara ni kwamba wanaojaribiwa ni watu. Arkansas ilianza Juni 2018 kuwataka watu wazima wa Medicaid wathibitishe saa 80 za kazi kila mwezi, na mwanzoni njia pekee ya kujiandikisha ilikuwa intaneti. Tovuti yenyewe ilifungwa kila siku saa tatu usiku mpaka saa moja asubuhi. Mtu wa zamu ya mchana anarudi, anapika, analaza watoto, anafungua simu: imefungwa. Watu zaidi ya 18,000 walipoteza bima kabla jaji hajasimamisha mpango huo Machi 2019. Watafiti walipokwenda kuangalia, ajira haikuwa imeongezeka. Karibu wote waliolengwa walikuwa tayari wanafanya kazi au wana sababu ya kusamehewa. Jaribio lilishindwa, tena hadharani. Na bado sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imelichukua sharti la saa 80 na kulitandaza kwenye majimbo ya upanuzi kuanzia, kwa kuchelewa zaidi, Januari 2027. Maabara ilitoa majibu, mwenye kusoma majibu akayaacha mezani.

Hapo naingia kwenye lile lililonipunguza sauti.

Mfano wangu mzuri wa programu ya serikali kuu siku zote ulikuwa kadi ya chakula, SNAP. Malipo yote yanatoka Washington, kanuni ya kukokotoa ni moja katika majimbo 48, majimbo yanafanya kazi ya dawati tu. Kadi iliyotolewa Kentucky inasomeka dukani Houston. Nilikuwa nikiitaja kila darasani. Kisha serikali kuu ikafungwa kwa mvutano wa bajeti tangu Oktoba 1 hadi Novemba 12, 2025, siku 43, na Novemba ikaingia bila kadi kujazwa kwa tarehe zake. Watu kama milioni 42 wakaanza kuangalia salio asubuhi na jioni. Na nani walijitokeza? Majimbo. Vermont, Virginia na New Mexico zikatoa fedha zao kununulia watu wao chakula. Mfuko mmoja ukikwama, umekwama kwa wote.

Tena ile sheria ya Julai 2025 iliwaondoa kwenye kadi ya chakula wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawajapata ukaazi wa kudumu. Kwa saini moja, toka Maine hadi Arizona. Kwa Medicaid, mabadiliko kama hayo yanaanza Oktoba 1, 2026. Wewe ni raia, haikugusi. Lakini nadhani unao ndugu waliofika karibuni, na hao wawahi kwa mwanasheria wa msaada wa bure kabla ya tarehe hiyo, hasa kama maombi yao ya ukaazi yanasubiri.

Basi kwa nini bado naushikilia mfuko wa Washington? Kwa sababu Novemba ile ilipita, na kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba waliofunga walilazimika kufungua. Mama wa Mississippi wa dola 170 alikaa na dola hizo zaidi ya miaka ishirini, na hakuna taarifa ya habari iliyomtangaza. Kosa la Washington linaonekana siku moja na kila mtu. Kosa la jimbo linaweza kuwa hali ya kawaida ya maisha ya mtu. Ila nimebadilika hapa: zamani nilitaka sheria izuie majimbo kutumia fedha zao kujaza programu za serikali kuu kienyeji, ili kusiwe na fujo. Sasa nataka kila jimbo liwe na akiba na ruhusa iliyoandikwa mapema, ya kuendesha kadi ya chakula mwezi mmoja Washington ikilala.

Mwaka 1982 Rais Ronald Reagan alipendekeza mabadilishano: serikali kuu ichukue Medicaid yote, majimbo yachukue posho ya familia na stempu za chakula, ndiyo kadi ya chakula ya leo. Magavana waliona watapunjwa kwenye chakula, wapinzani wake wakaogopa hatima ya posho, pendekezo likafa. Reagan, mtu wa kupunguza serikali kuu! Nusu ya mpango wake mimi leo ningeisaini. Ingekuwa imepita, usingenihitaji.

Tuziache siasa, tuishughulikie wewe.

Ile namba ya dola 321. Keti na stabu za mshahara, zile karatasi za malipo, za miezi mitatu, ukisie mapato ya mwaka mzima kwa ukweli: saa za ziada za msimu wa mikutano, bakshishi, nywele unazosuka wikendi kama unalipwa. Vyote ni mapato na vyote hutangazwa. Wengi niliowasaidia walikuwa wamesahau kitu na kumbe wamevuka dola 26,650. Ukivuka, unastahili ruzuku kwenye soko la serikali kuu la HealthCare.gov, Texas haina lake. Usitie chumvi, maana mwisho wa mwaka hodi inapigwa na watu wa kodi. Dirisha la kawaida la kujiandikisha hufunguliwa Novemba 1.

Kama hujavuka, Texas ina ngazi ya tatu ambayo watu hawakukwambia: kaunti. Kaunti ya Harris ina mfumo wake wa hospitali na zahanati, Harris Health, unaoendeshwa kwa sehemu kubwa na kodi ya majengo. Umepanga, lakini kodi hiyo imo ndani ya kodi unayomlipa mwenye nyumba, kwa hiyo usiende kinyonge. Wana mpango wa msaada wa gharama kwa wakazi wa kaunti wenye kipato kidogo. Wazee wa mji bado wanauita Gold Card. Beba kitambulisho, kitu kinachothibitisha anwani kama bili ya umeme au mkataba wa nyumba, stabu zako, na ile barua ya kukataliwa Medicaid, usiitupe. Omba mkalimani wa Kiswahili unapoweka miadi. Ni haki yako na hulipi. Mtoto asikutafsirie mambo ya mwili wako. Na kabla ya kwenda piga 2-1-1, namba ya simu ya kuulizia misaada, uulize pia vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kwa kadiri ya kipato, maana miadi ya kwanza kwenye zahanati za kaunti inaweza kuchukua muda. Ukizidiwa usiku, chumba cha dharura cha hospitali lazima kikupime na kukutuliza, bima au bila bima. Ni sheria ya nchi nzima tangu 1986. Bili ikija baadaye, iombee msaada, usiifiche nyuma ya televisheni.

Kama unaishi kaskazini mashariki ya mji, hospitali yao iliyo karibu nawe inaitwa Lyndon B. Johnson, yule yule aliyeitia saini Medicaid. Novemba 2023 wapiga kura wa kaunti walikubali mkopo wa dola bilioni 2.5 ambao sehemu yake kubwa ni ya kuijenga upya. Ulizia dirisha la usajili wa msaada wa gharama, na ufike mapema.